Gitaa la vipande linastahili nafasi katika karakana za Dagahaley

Vijana wengi wanaotafuta ufundi leo Dagahaley wamezaliwa humo humo. Kambi hiyo ya wakimbizi, iliyoko Dadaab katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 na, pamoja na Ifo na Hagadera, ilikusudiwa kuhifadhi watu 90,000 kwa muda tu. Muda huo umepita miaka thelathini, na Dadaab nzima sasa ina watu zaidi ya laki tatu. Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itazifunga kambi hizo, Mahakama Kuu ikaizuia Februari 2017, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, ambao unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida, mkimbizi na mwenyeji wakitumia shule, hospitali na soko moja. Kwa hiyo suala la ufundi gani ufundishwe huko limekuwa zito kuliko lilivyokuwa watu walipodhani wataondoka kesho kutwa. Kwa miaka mingi jibu limekuwa ushonaji, ufundi wa nyaya za umeme majumbani na kompyuta. Mafunzo hayo yana faida, na sipendekezi hata moja liondolewe. Ninachopendekeza ni nyongeza ambayo wengi wataiona ya ajabu: gitaa la umeme lenye tumbo wazi, linalokuja katika sanduku likiwa vipande, liwe kazi ya mwisho ya wanafunzi wa useremala na wa umeme wakishirikiana. Sababu yangu ni kwamba kwa bei yake, sijaona kitu kingine kinachomlazimisha mwanafunzi kupima mbao kwa nusu milimita, kuelewa sumaku na waya, kupiga hesabu na kutega sikio katika kazi moja, tena kazi ambayo kosa lake halifichiki.

Tueleze kwanza kifaa chenyewe. Magitaa ya umeme yako ya namna mbili kuu. Lipo la ubao mzima, ambalo bila amplifaya sauti yake ni hafifu, na lipo lenye tumbo wazi, ambalo ni sanduku la mbao nyembamba lenye matundu mawili marefu usoni, mfano wa matundu ya fidla. Hili la pili ndilo lililotangulia kupata umaarufu. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa lake la ES-150 mwaka 1936 kwa sababu wapiga gitaa walikuwa wakizamishwa na tarumbeta katika bendi kubwa za dansi. Ilichukua gitaa la kawaida la sanduku, ikafunga chini ya nyuzi kinasa sauti cha sumaku, na miaka mitatu baadaye Charlie Christian, akiwa katika bendi ya Benny Goodman, akauonyesha ulimwengu kwamba gitaa linaweza kuongoza wimbo. Seti za kujiunganishia zinazouzwa siku hizi hufuata umbo hilo hilo. Ndani ya sanduku kuna tumbo lililokwisha kupindwa na kugundishwa, shingo yenye freti, funguo za kukazia nyuzi, daraja, vinasa sauti viwili, vitasa vya kuongeza na kupunguza sauti, tundu la waya na nyuzi sita. Seti za bei nafuu huuzwa kati ya dola 100 na 200, yaani kama shilingi 13,000 hadi 26,000 za Kenya, kabla ya usafirishaji na kodi.

Tumbo hilo wazi ndilo linalonifanya nilichague kwa ajili ya Dagahaley badala ya lile la ubao mzima, ambalo kwa kweli ni rahisi zaidi kuliunganisha. Umeme kambini unatoka kwa wenye jenereta wanaowauzia majirani, au kwenye paneli ya jua ambayo kazi yake ya kwanza ni taa na simu. Chombo kinachonyamaza umeme ukikatika hakimfai mwanafunzi huko. Gitaa lenye tumbo husikika chumbani bila waya wowote, na siku ya arusi au ya sherehe ya shule likiunganishwa kwenye spika hujaza uwanja. Tena umbo hilo si geni kwa Wasomali, ambao ndio wengi Dagahaley. Kaban, yaani udi kama unavyopigwa Usomali, ni tumbo la mbao lenye shingo na nyuzi, na ndilo lililobeba nyimbo za mjini tangu miaka ya 1940. Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, na ndiye aliyeupa udi nafasi yake katika nyimbo hizo. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, bendi za Mogadishu kama Iftin na Dur-Dur zilisimama na magitaa ya umeme kwenye majukwaa ya hoteli, hadi vita vya 1991 vilipowatawanya wanamuziki sawa na vilivyowatawanya wazazi wa vijana hawa.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa mafundi wenyewe, nami naliheshimu. Wanasema kuunganisha vipande vilivyokatwa na mashine ng'ambo si ufundi, ni kufuata maelekezo. Anayesema hivyo na aiangalie shingo. Pale shingo inapoingia kwenye tumbo, pembe yake ikikosewa digrii moja tu, kwenye daraja lililo sentimita 25 mbele kosa hilo huwa zaidi ya milimita 4. Milimita 4 zinatosha kuinua nyuzi hadi vidole viume kuzibana, au kuzilaza juu ya freti zikawa zinakereza. Hakuna mashine ya kiwandani itakayomwokoa mwanafunzi hapo. Inambidi aipachike shingo bila gundi kwanza, avute uzi kutoka katikati ya kichwa cha gitaa hadi katikati ya mkia, aone kama unapita katikati kwelikweli, atoe, apige msasa kidogo, arudishe, apime tena. Gundi ikishaingia na vibanio vikakazwa, hakuna kurudi nyuma. Seremala aliyezoea kutengeneza meza, ambayo mguu mmoja ukipungua huwekewa kijiti chini, hujifunza hapa nidhamu ambayo meza haikumdai.

Kisha zije hesabu. Freti hazipangwi kwa macho. Urefu wa uzi kutoka juu ya shingo hadi daraja hugawanywa kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza. Urefu uliobaki hugawanywa tena kwa namba hiyo hiyo ili kupata ya pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Uzi wa milimita 628 huiweka freti ya kwanza kwenye milimita 35 na robo, na ya 12 huangukia milimita 314, nusu kamili, ambapo sauti hupanda oktava nzima. Mwalimu wa hesabu anayehangaika kueleza vipeo na vipeuo ubaoni ana hapa somo ambalo darasa linaweza kulishika na kulisikia. Na hata hesabu ikitimia, kazi haijaisha, kwa kuwa kwenye magitaa mengi ya namna hii daraja halikugundishwa. Limekaa tu juu ya tumbo, likishikiliwa na mkazo wa nyuzi, na fundi hulisogeza taratibu mpaka sauti ya freti ya 12 ilingane na sauti ya juu ya uzi ulioguswa tu katikati yake. Rula humfikisha karibu, sikio humalizia. Huko kuamua kwa sikio pale rula inapokoma ndiko ninakokuita ufundi, na ndiko kunakokosekana katika mafunzo mengi ya miezi michache yanayoishia kwenye cheti.

Upande wa umeme nao una ukali wake. Katika gitaa la ubao mzima, nyaya hulazwa kwenye shimo lililo wazi na kufunikwa. Katika lenye tumbo, mwanafunzi hulehemu nyaya zote nje ya gitaa, kisha huziingiza kupitia matundu membamba ya usoni, akivuta kila kitasa kwa uzi hadi kijitokeze kwenye tundu lake. Akikosea kiungo kimoja, avitoe vyote aanze upya. Akisahau waya unaounganisha mkia wa gitaa na ardhi ya mzunguko wa umeme, spika itanguruma, wala haitatulia hata mkono wake ukigusa nyuzi. Kwa hiyo hujifunza kupima kila kiungo kwa mita kabla ya kukiingiza, na mazoea hayo ndiyo yanayotofautisha fundi wa redio, wa chaja au wa taa za jua anayeaminika na yule anayerudishiwa kazi kila wiki.

Wapo wanaouliza kwa nini tuagize sanduku hali Waafrika wamejitengenezea magitaa kwa mabati tangu zamani. Ni kweli, na historia hiyo ni ya kujivunia. Franco Luambo wa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni na gitaa alilojitengenezea kwa mbao, bati na nyaya za umeme zilizovuliwa ganda, akilipiga kwenye soko alikouzia mama yake huko Léopoldville, na mwaka 1953, akiwa na miaka 15, tayari alikuwa katika studio ya Loningisa. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono No. 1, alitengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu na waya wa shaba, akaipa likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, sauti ya umeme iliyokuja kuzunguka dunia. Mjini Kinshasa kuna fundi ajulikanaye kama Socklo ambaye kwa miongo kadhaa amewatengenezea wanamuziki magitaa katika karakana yake. Lakini tusiwageuze mabingwa hawa kuwa kisingizio cha kuwanyima vijana wa leo vipimo sahihi. Bati lilimfundisha Franco vidole. Muziki aliousimamisha baadaye ulipigwa kwa magitaa yanayoshika tuni. Mtoto mmoja mwenye kipaji hicho atapenya hata bila msaada. Karakana ya umma huwahudumia wale wengine, wenye bidii na akili ya kawaida, na hao huhitaji kifani. Seti ya kwanza ndiyo kifani hicho. Kabla ya kuigundisha, wanafunzi waichore kwenye karatasi ngumu, wapime unene wa uso, pembe ya shingo na nafasi za freti, wahifadhi michoro. Gitaa la pili litengenezwe nusu kwa vipande vya dukani na nusu kwa mbao za hapa, na la tatu linunuliwe vyuma, nyuzi na vinasa sauti tu. Mradi ukibaki kuagiza masanduku mwaka hadi mwaka, basi wapinzani watakuwa wamesema kweli.

Na mbao za hapa zipo, hata katika nchi kame. Mathenge, mti ulioenezwa sana katika maeneo kame ya Kenya miaka ya 1980 kuzuia jangwa, umegeuka balaa kutoka Baringo hadi Tana River na Garissa. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, wakidai maganda yake yanaozesha meno ya mbuzi wao. Hata hivyo mbao yake ni ngumu, nzito, na ikikauka haichezi sana. Ndugu yake wa Texas, uitwao mesquite, unathaminiwa na watengenezaji wa magitaa kwa sababu hiyo hiyo. Mashina ya mathenge ni mafupi na yamepinda, hayatoi mbao ndefu za kujengea, lakini ubao wa freti unahitaji kipande cha sentimita 45 kwa 6 tu, na daraja huhitaji kipande kifupi zaidi ya hicho. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imefanya kazi ya miaka mingi kuhusu matumizi ya mti huu. Ombi la kukausha na kupasua vipande vya ala za muziki haliko nje ya uwezo wake. Inanisikitisha kwamba Afrika Mashariki, yenye mpingo unaotamaniwa na watengenezaji wa klarineti na obo duniani kote, imeuza magogo na vipande kwa vizazi, kisha ikanunua klarineti. Vijana wanaojua kuchonga kengele ya ngamia kwa mti mmoja uliokombwa ndani, na wasichana waliowaona mama zao wakipinda fito za aqal mpaka nyumba isimame, hawaanzi ufundi wa mbao kutoka sifuri.

Hali ya hewa ni tatizo la kweli, na anayetaka mradi huu alikubali mapema. Mbao iliyokatwa na kugundishwa penye unyevu ikifika kwenye joto na ukavu wa Garissa hunywea. Ncha za freti hujitokeza pembeni mwa shingo na kukwaruza mkono, na mahali palipogundishwa kwa haraka hufunguka. Dawa yake ni subira. Sanduku likifika, likae wazi chumbani wiki kadhaa kabla ya kuguswa. Kazi ya gundi na vanishi ifanyike asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi. Ncha za freti zipigwe tupa baada ya shingo kutulia. Na chombo kihifadhiwe ndani ya kasha, mbali na bati la paa. Fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo ipo kwa ajili ya mabadiliko kama haya. Majira ya mvua na ya kiangazi yataikaza na kuilegeza mbao mwaka mzima, na fundi atakayejifunza kuisoma hapo ataiweza popote.

Pingamizi zito kuliko yote ni la njaa. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Kenya hadi chini ya theluthi ya kiwango kamili. Mtu atauliza kwa haki kabisa vipi tuzungumzie magitaa wakati mama anagawa unga kwa kikombe. Jibu langu ni kwamba fedha za chakula na fedha za mafunzo hazitoki mfuko mmoja, na hakuna hata shilingi ya unga ninayoomba ihamishwe. Lakini pia mgao unaopungua ndio unaotufundisha kwamba watu wa Dagahaley hawawezi kuachwa wategemee lori la mwezi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imewafungulia mlango wa kufanya kazi na biashara. Kwa anayeupita mlango huo, ujuzi wa mikono wenye thamani kubwa na mzigo mdogo ndio unaosafiri vizuri zaidi: tupa, msasa, chuma cha kulehemu na mita hutosha katika begi moja.

Wengine watapinga kwa msingi wa dini. Wapo Waislamu wa kambini na wa Garissa wanaoona ala za muziki ni haramu, na wapo wanaoona vingine. Mjadala huo ni mkongwe na hautamalizwa na karakana. Asiyetaka kugusa gitaa asilazimishwe, apewe kazi nyingine ya mwisho yenye uzito sawa. Lakini si sawa kusema kwamba muziki ni kitu kilicholetwa kwa Wasomali na mashirika ya misaada. Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam lilipoamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, lilikuwa likipiga marufuku kitu ambacho watu walikuwa nacho na walikipenda. Mjini Hargeysa, taasisi ya utamaduni ya Redsea inahifadhi kaseti zaidi ya 10,000 za muziki, mashairi na michezo ya kuigiza. Jamii isiyothamini sauti zake isingezibeba kaseti hizo kupita vita na uhamisho.

Soko nalo lisipambwe. Wachache sana watajipatia riziki kwa kuuza magitaa mapya, kwani bidhaa za viwandani ni za bei ya chini na zimejaa maduka ya Nairobi. Riziki iko kwenye matengenezo: freti zilizochakaa, shingo zilizopinda, nyaya zilizokatika, spika na maikrofoni za makanisa, za shule na za kumbi za arusi. Mtaala mpya wa Kenya umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mkondo mmojawapo wa shule za upili za juu, na darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeanza Januari 2026. Tamasha la Muziki la Kenya linaendelea tangu 1927. Shule zitahitaji ala, na ala zikishanunuliwa huharibika, na kutoka Garissa kuzipeleka Nairobi kutengenezwa ni safari ya kilomita zaidi ya 350. Mwanafunzi aliyemaliza gitaa aruhusiwe kulitumia kama ushahidi wa kazi anapofanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, katika useremala au elektroniki. Hapo hata asiyepiga noti moja maishani atakuwa amepata cheti kinachotambulika Mandera, Mombasa na Kisumu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina mipaka. Mashirika yanayoendesha mafunzo Dadaab na North Eastern National Polytechnic iliyoko Garissa wakae pamoja waagize seti kumi, wanafunzi wanne kwa kila seti, nusu wakimbizi na nusu wenyeji, wasichana na wavulana. Wanunue pamoja nazo tupa za freti, vibanio, mita, nyuzi za akiba na gundi, kwa kuwa miradi mingi hufia kwenye kifaa cha shilingi mia tano kilichosahauliwa. Wamweke seremala mmoja na fundi redio mmoja, wawape muhula mzima, na mwishoni magitaa yote yapigwe hadharani mbele ya wazazi na watahini. Wenye kuandaa bajeti ya mafunzo ya Dadaab kwa mwaka ujao wa fedha, liingizeni jambo hili sasa kabla vitabu havijafungwa.